Herufi zinazopotosha: kutoka S ya Marconi hadi U ya redio ya programu

Kama umewahi kuwasha redio ya programu kwenye kompyuta, hali hii unaijua. Unabonyeza kitufe, programu inaanza, halafu kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi zinaanza kumwagika herufi: aUaUaUaU. Hakuna sentensi, hakuna namba ya kosa, hakuna saa. Ni herufi tu, mstari hadi mstari.

Mara ya kwanza nilipoziona nilidhani laptop yangu imechoka. Nikafunga kivinjari, nikazima muziki, mwisho nikaazima mashine ya mwenzangu yenye nguvu zaidi. Herufi zikaendelea vilevile. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kompyuta haikuwa na kosa lolote. Miezi michache mbele, nikiwa kwenye utafiti wangu wa uzamili, skrini hiyohiyo ilinipotosha vibaya zaidi, na kidogo tu niweke jina langu kwenye matokeo ambayo hayakuwa ya kweli.

Leo nataka tuangalie historia ya maandishi haya: yametoka wapi, kwa nini yako hivyo, na imekuwaje watu makini wakayasoma vibaya. Historia yenyewe ilianza kabla hata ya kompyuta.

Herufi S na sikio la Marconi

Mchana wa tarehe 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi alikuwa Signal Hill, karibu na mji wa St. John's, Newfoundland, upande wa pili wa Atlantiki. Waya wa antena ulikuwa umeshikiliwa hewani na tiara kwenye upepo mkali. Kule Poldhu, Cornwall, Uingereza, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000, wasaidizi wake walikuwa wakirusha herufi moja tu kwa saa zilizopangwa: S, yaani nukta tatu za alfabeti ya Morse.

Marconi alisema alizisikia. Msaidizi wake, George Kemp, naye alisema alizisikia. Tatizo ni hilo neno "sikia". Kwa kawaida mpokeaji wake ulikuwa na mashine ya kuchapa nukta kwa wino kwenye utepe wa karatasi. Siku ile ishara ilikuwa dhaifu mno, kwa hiyo alitumia kisikilizio cha simu sikioni. Hakuna karatasi iliyobaki. Na kumbuka, alijua tayari anatafuta herufi gani. Ukikaa ukisikiliza mikwaruzo ya radi za mbali huku ukitegemea "dit-dit-dit", mikwaruzo mitatu ikifuatana itakutosha.

Wapo waliotilia shaka papo hapo, na hadi leo wanafizikia wanabishana, maana ilikuwa mchana, wakati ambapo mawimbi ya masafa yale hufifia sana yakisafiri mbali. Ninachompendea Marconi ni alichofanya baadaye. Februari 1902 alipanda meli ya SS Philadelphia na kwenda nayo baharini huku Poldhu ikimrushia ishara. Safari hii utepe wa wino ulifanya kazi. Usiku ujumbe uliandikika hadi kilomita 2,500 hivi, na herufi S ilifika takriban kilomita 3,400. Mchana iliishia kama kilomita 1,100 tu. Yaani ushahidi ulioandikwa ulimtetea, na papo hapo ukafungua swali jipya kuhusu mchana na usiku, swali ambalo sikio lisingeweza kulifungua.

Basi shikilia somo la kwanza: herufi iliyofika bila saa, bila hesabu na bila kumbukumbu inaweza kuwa kweli, lakini hujui ni kweli ya nini.

Karatasi ndefu yenye sentensi moja

Sasa tuhamie Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970. Ndiko ulikozaliwa mfumo wa Unix, ambao tabia zake ziko ndani ya karibu kila kompyuta tunayotumia maabara. Kanuni ya Unix ilikuwa rahisi: kila programu ina mlango wa kuingizia maandishi na mlango wa kutolea. Kinachotoka unaweza kukielekeza kwenye skrini, kwenye faili, au kwenye mashine nyingine. Ukosefu ulikuwa mmoja: malalamiko ya programu nayo yalipita kwenye mlango uleule wa matokeo.

Stephen Johnson, mmoja wa watafiti wa hapo, aliwahi kusimulia kilichofuata. Walikuwa na mashine ya kupanga herufi kwa mwanga. Ukishatuma kazi, inakubidi uchukue karatasi ndefu na kuipitisha kwenye mashine ya kusafishia yenye harufu ya kukera, usubiri dakika kadhaa, ndipo maandishi yaonekane. Alasiri moja watu kadhaa walipatwa na jambo lilelile: baada ya taabu yote, kwenye karatasi kulikuwa na mstari mmoja tu, uliochapwa kwa urembo wa hali ya juu, ukisema kwamba faili fulani limeshindikana kufunguka. Wakanung'unika. Siku chache baadaye Unix ikawa na mlango wa tatu, wa makosa pekee.

Tangu hapo programu ina mikondo miwili ya kutoa maandishi, wa kawaida na wa makosa. Ni jambo zuri sana. Ila kuna kipengele kidogo ambacho wengi hatufundishwi darasani. Mkondo wa kawaida una ghala dogo la muda, linaloitwa bafa. Ukiandika kwenye skrini, bafa humwagwa kila mstari unapoisha. Ukielekeza maandishi kwenye faili, mfumo husubiri hadi bafa ijae, mara nyingi maelfu ya baiti, ndipo uyamwage yote kwa pamoja, kwa sababu kuandika kidogokidogo kunachelewesha kazi. Mkondo wa makosa, kwenye lugha ya C, hausubiri. Ukisema kitu, kinatoka sasa hivi.

Umeona tatizo linakokuja? Mikondo miwili, kila mmoja na mwendo wake, ikimiminwa kwenye faili moja. Mpangilio unaousoma kwenye faili si lazima uwe mpangilio wa mambo yalivyotokea. Tuache hapo kwanza, tutarudi.

Redio inakuwa programu

Neno "redio ya programu" lilitumiwa na Joseph Mitola mwaka 1991. Wazo lake lilikuwa hivi: badala ya kuwa na saketi moja ya FM, nyingine ya AM na nyingine ya simu, weka kifaa kimoja kinachogeuza mawimbi kuwa namba, kisha kazi iliyobaki ifanywe na programu. Ukitaka redio nyingine, unabadilisha msimbo tu. Jeshi la Marekani lilikuwa na mradi wa namna hiyo katika miaka ya 1990, SPEAKeasy, uliolenga kuiga aina zaidi ya 10 za redio zao kati ya megahezi 2 na gigahezi 2.

Kwenye chuo cha MIT, mradi wa SpectrumWare ulijaribu jambo lililoonekana la kijasiri wakati ule: kufanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Msimbo wao ndio ulioanzisha GNU Radio mwaka 2001, mradi huria ulioongozwa na Eric Blossom na kufadhiliwa na John Gilmore. Mwaka 2004 msimbo wote uliandikwa upya. Katika kipindi hicho Matt Ettus alitengeneza USRP, kisanduku cha bei ya kadiri cha kuunganisha kompyuta na antena kwa kebo ya USB. Ghafla mwanafunzi angeweza kufanya utafiti wa redio bila bajeti ya jeshi.

Lakini kompyuta ya mezani haikuumbwa kwa kazi hii. USRP ya kwanza ilipitisha takriban megabaiti 32 kwa sekunde kwenye USB. Kila sampuli ilichukua baiti 4, kwa hiyo ni sampuli milioni 8 kila sekunde. Kompyuta ikigeuka pembeni kwa sekunde 0.01 tu, labda ikishughulikia diski, sampuli 80,000 zinakuwa zimeshapanga foleni mlangoni. Nafasi ikiisha, zinapotea.

Mtumiaji lazima aambiwe. Lakini utamwambiaje? Ukiandika sentensi ndefu kila mara, uandishi wenyewe utaichelewesha kompyuta na kusababisha upotevu mwingine. Waliokuwa wakiandika msimbo wakachagua njia ya haraka kuliko zote: herufi mbili, bila mstari mpya, moja kwa moja kwenye mkondo wa makosa. Ya kwanza inataja kifaa: "a" kwa kadi ya sauti, "u" kwa USRP. Ya pili inataja shida: O maana yake sampuli zilikuja nyingi zikafurika, U maana yake kifaa kilihitaji sampuli kikakuta hakuna. Baadaye, kwa vifaa vipya, ikabaki herufi moja: O, U, L kwa amri iliyofika imechelewa, D kwa pakiti zilizopotea kwenye mtandao.

Kwa mhandisi aliyekaa mbele ya kifaa mwaka 2005, lugha hii inatosha. Anasikia sauti ikikatika, anaona aU, anaelewa. Ni kama kondakta wa daladala anayegonga bati: dereva wake anajua mgongo mmoja ni simama na miwili ni twende. Abiria mgeni hajui.

Ndani ya uigaji hakuna saa

Hapa ndipo wanafunzi wengi tunapoingia. Hatuna USRP, au iko moja kwa watu 15. Kwa hiyo tunaigiza redio nzima ndani ya kompyuta: kitumaji cha kubuni, kelele ya kubuni, mpokeaji wa kubuni.

Kwenye uigaji kama huo, ile namba ya "sampuli kwa sekunde" unayoandika haiendeshi chochote. Ni namba ya hesabu tu. Bila kifaa halisi, GNU Radio huchakata sampuli kwa kasi yote ambayo kompyuta inaweza, mpaka feni ilie. Ndiyo maana kuna kipande kiitwacho Throttle, kazi yake ni kupunguza mwendo ili mashine isielemewe. Kinatumia saa ya kompyuta, na kwa wastani tu.

Sasa rudi kwenye aUaUaU zangu. Nilikuwa nimeacha kasi ya 32,000 ambayo programu huiweka yenyewe mwanzoni, nikaweka Throttle kwa kasi hiyohiyo, halafu mwishoni nikaunganisha kadi ya sauti iliyowekwa 48,000 ili nisikie matokeo. Piga hesabu: kadi inataka sampuli 48,000 kila sekunde, mimi nailetea 32,000. Kila sekunde inapungukiwa 16,000. Hata ungeniletea kompyuta kubwa kuliko zote duniani, herufi zingetoka vilevile, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeiamuru iende taratibu.

Hata namba zikilingana, bado una saa mbili: ya Throttle na ya kadi ya sauti. Tuseme zinatofautiana sehemu 50 kwa milioni. Kwa 48,000 hiyo ni sampuli 2.4 kila sekunde. Ni kidogo sana, lakini akiba itakwisha taratibu na aU moja itachomoza baada ya muda, ukiwa umeshasahau. Dawa ni kuondoa Throttle na kuiacha kadi ya sauti iwe saa pekee. Kosa halikuwa kwenye herufi. U ilisema kweli: "nimeishiwa". Mimi ndiye niliyesikia "kompyuta ni dhaifu".

Siku nilipoishinda nadharia

Utafiti wangu ulihusu namna ya kusawazisha mpokeaji na kitumaji. Kipimo kilikuwa rahisi: rusha biti kwa mtindo wa BPSK, ongeza kelele, hesabu biti ngapi zimegeuka. Nilianza na ishara yenye nguvu, desibeli 10 juu ya kelele, nikishuka moja moja hadi 4. Kila hatua nilirusha pakiti 10,000 zenye biti 100 kila moja, yaani biti milioni 1.

Mwanzoni kabisa, nikiwa bado nahangaika, nilikuwa nimeandika kwa C++ kipande kidogo cha ukaguzi: pakiti iliyopokelewa ikitofautiana na iliyotumwa kwa zaidi ya biti moja, chukulia usawazishaji umepotea, itupe, na uandike herufi P kwenye mkondo wa makosa. Niliiga utamaduni wa GNU Radio, nikajiona mtaalamu. Kisha nikasahau kwamba kipande kipo.

Kazi ilikuwa ikienda usiku kwenye kompyuta ya maabara, maandishi yote yakiingia kwenye faili moja. Asubuhi nilikuta mstari mmoja mrefu wa P, zaidi ya 5,000, ukifuatiwa na mistari 7 safi ya matokeo. Nikasema, aha, P zote zimetokea mwanzoni kabla ya kipimo cha kwanza, ni mpokeaji anapasha moto. Nikawa nasoma mistari ya mwisho tu.

Matokeo yalikuwa matamu. Kwenye desibeli 8 nililingana na nadharia, takriban makosa 2 kwa biti 10,000. Kwenye desibeli 4, nadharia inasema makosa 125 kwa biti 10,000. Mimi nilipata 56. Nikachora grafu, nikaandika muhtasari wa makala, nikaupeleka kwa msimamizi wangu.

Akaitazama grafu kimya. "Kijana wangu," akasema, "huu mstari wa nadharia ndio mpokeaji bora kabisa. Wewe umepita chini yake?"

"Ndiyo, Dokta."

"Hapa kwenye 4, ulituma biti ngapi?"

"Milioni moja."

"Ulihesabu ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kuangalia: laki 6 na elfu 44. Zilizobaki zilikuwa ndani ya pakiti zilizotupwa, na zilitupwa kwa sababu ndizo zilizokuwa na makosa mengi. Nilikuwa napima afya ya wanafunzi kwa kuwauliza waliofika darasani tu.

Na zile P? Hazikutokea mwanzoni. Kati ya hizo 5,000, karibu 3,560 zilikuwa za hatua ya mwisho kabisa, desibeli 4. Zilionekana juu ya faili kwa sababu mkondo wa makosa hausubiri, wakati mistari yangu 7 ya Python haikufika hata baiti 1,000, kwa hiyo ilikaa kwenye bafa usiku kucha na kumwagwa programu ilipofunga. Uamuzi wa busara wa Bell Labs wa kutenganisha mikondo, pamoja na uvivu wangu wa kuichanganya tena, ulikuwa umepindua usiku mzima juu chini.

Waswahili wanasema lisemwalo lipo. P zilikuwepo kweli. Ila hazikuwepo pale nilipozikuta.

Kwingine gharama ni kubwa zaidi

Mimi nilipoteza wiki tatu na kujiamini kidogo. Wapo waliopoteza zaidi. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Huko Tyler, Texas, Machi 1986, skrini ya mwendeshaji iliandika "Malfunction 54" na kuonyesha kwamba mgonjwa amepata dozi ndogo kuliko iliyopangwa. Waendeshaji walishazoea mashine kusimama kwa makosa madogo mara nyingi kwa siku, hivyo akabonyeza kitufe cha kuendelea. Ukweli ulikuwa kinyume kabisa cha skrini: mgonjwa alikuwa ameungua.

Sifananishi grafu yangu na msiba ule. Ila mfumo wa kosa ni uleule: ujumbe mfupi usiojieleza, unaojirudia mpaka unazoeleka, na binadamu anayejaza maana mwenyewe.

Tunafanyaje?

GNU Radio yenyewe imekuwa ikisogea. Sampuli zinapopotea, kifaa cha kupokea kinaweza kubandika alama ya muda kwenye mkondo wa sampuli zenyewe, ili programu ijue pengo liko wapi. Toleo la 3.10, la Januari 2022, lilihamishia ujumbe wake kwenye maktaba ya spdlog, ambayo inatoa ujumbe wenye saa na kiwango cha uzito. Lakini herufi bado zipo, na kila kipande cha redio huendeshwa kwa uzi wake ndani ya kompyuta, kwa hiyo hata ujumbe wa vipande viwili kwenye mkondo mmoja unaweza kupishana.

Mimi siku hizi nina mazoea manne. Python naiendesha kwa -u ili isikalie maandishi. Mikondo miwili naiweka kwenye faili mbili. Badala ya herufi, naandika hesabu: zilizotumwa, zilizopokelewa, zilizotupwa, kila hatua na saa yake. Na kabla ya kufurahia grafu yoyote, najumlisha zilizopokelewa na zilizotupwa nione kama zinarudi kuwa milioni 1.

Grafu mpya haikuishinda nadharia. Inapita juu yake kidogo, kama inavyotakiwa, na njia yangu ya kusawazisha imeonekana kuwa nzuri tu, si ya ajabu. Ndiyo iliyoingia kwenye tasnifu. Ile ya kwanza bado ninayo, imebandikwa ukutani juu ya meza yangu, na mgeni akiuliza namwomba kwanza anihesabie biti.